Pindo la Wasio na Ndugu

Pale hospitalini walimwita Mama Pindo. Siku moja mganga mkuu mpya alisoma orodha ya wafanyakazi, akalitaja jina la dada yangu la kwenye cheti mara mbili, na hakuna aliyeitika. Mpaka mtu wa nyuma akasema, "Si Mama Pindo huyo!" Ndipo dada yangu akashtuka, akanyanyua mkono, na chumba kizima kikacheka. Hata yeye mwenyewe alikuwa amelisahau.

Mimi ni kaka yake. Nilitengeneza vitanda katika hospitali hiyohiyo miaka thelathini na mmoja, vile vya chuma vyenye magurudumu, na karakana yangu ilitazamana na chumba chake cha kushonea, uchochoro mmoja tu katikati. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu. Mengine niliyaona dirishani, mengine nilikuwapo, nimekaa.

Chumba chake kilikuwa na meza ndefu yenye alama nyeusi ya pasi, ya siku moja alipoitwa haraka akaisahau. Cherehani ilikuwa ya kukanyaga. Kamba yake ilipokatika nilimfungia mkanda wa kitanda cha wodi ya wazazi, ukadumu kuliko mimi kazini. Alishona mashuka, gauni za wagonjwa, mapazia ya kutenganisha vitanda, na kofia za chumba cha upasuaji. Alishona na sanda.

Hapo kwenye sanda ndipo jina lake lilipotoka. Wafu wengi huja kuchukuliwa na ndugu zao, na ndugu huja na nguo zao, au huchukua ya hospitali ikiwa hawakujiandaa. Lakini kuna wasio na mtu. Mtu ameokotwa barabarani bila karatasi mfukoni. Mwingine amelazwa miezi, na kila saa ya kuona wagonjwa anatazama mlango, na mlango haumletei yeyote. Hao hospitali huwapa nguo na kuwazika. Dada yangu aliwakunjia nguo hiyo pindo mara mbili, pande zote nne, kama anamshonea bibi harusi. Pande tatu na sehemu kubwa ya upande wa nne alipitisha cherehani. Shubiri moja ya mwisho, upande wa kichwani, aliimaliza kwa mkono na sindano.

Alipofika kwenye shubiri hiyo alinyamaza. Ungekuwa unampa umbea mtamu namna gani, hakusikii. Nilimuuliza.

"Nazungumza na mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe yupi?"

"Mwenye nguo. Naye na Mungu wake."

"Dada, nguo hii haina mwenyewe bado. Unaiweka rafuni."

"Anayo. Kaka, hebu fikiri. Huyu atakayelala humu, saa hii yuko hai mahali. Labda anafunga viatu. Labda anacheka. Hajui kwamba kuna mtu anamshonea. Basi mimi namwombea tu, afike salama."

Nilirudi kwenye magurudumu yangu.

Jambo hilo alilipata kwa bibi yetu aliyetulea. Bibi hakujua kusoma, lakini sindano aliijua. Alikuwa akisema nguo isiyo na pindo haijaisha, na ukimpa mtu kitu ambacho hakijaisha umemwambia kwamba naye hajatimia kuwa mtu. Mimi aliponiambia nilikuwa natazama nje. Dada yangu alikuwa anatazama sindano.

Aliolewa na fundi mwashi, mtu mpole, aliyemwacha mjane mapema na mtoto mmoja wa kiume. Mtoto huyo alikulia chini ya meza ile ndefu, kisha juu yake: mama anakata kitambaa upande huu, mwana anasoma upande ule. Alikuwa na kichwa. Walimu walimsukuma mbele, akaenda kusoma mbali, na miaka ikapita, akarudi daktari. Akapangiwa hospitali yetu, wodi ya wanaume. Alirudi na kipimo cha moyo shingoni, na Mungu amemwacha hukohuko.

Hakumficha mama yake. Jumapili ya pili tangu arudi, dada yangu alikuwa anavaa viatu vya kanisani, nami nimempitia twende pamoja. Kijana akasimama mlangoni.

"Mama, mimi sitakwenda. Siamini tena, na sitaki kukudanganya."

Dada yangu akamaliza kufunga kiatu cha pili. "Basi utabaki na sufuria," akasema. "Usiiache ikaungua."

Alilia tulipofika barabarani. Nilimpa leso yangu, akaitazama, akasema ni chafu, akajifuta kwa kanga yake. Tukatembea. Karibu na kanisa akaniambia, "Angalau hakunidanganya. Kaka, kama hakuna Mungu, nani amemwambia kwamba kudanganya ni vibaya?"

Sitaki kumsingizia mpwa wangu. Nimewaona waumini wanaoimba sauti ya tatu na kuwapita wagonjwa kama magogo, na nimemwona yeye, asiyeamini, akimnyoa ndevu mzee asiyejiweza, kwa mkono wake mwenyewe. Asiyeamini anaweza kuwa mwema, tena sana. Mtu hunywa maji ya kisima bila kumjua aliyekichimba, na maji yakamtuliza kiu vilevile. Ubishi wetu haukuwa juu ya hilo. Tulibishana kisima kilitoka wapi.

Na tulibishana kila Jumapili mchana, chai mezani. Mjomba na mpwa hawakosi la kutaniana.

"Mjomba," ataanza, "mema na mabaya yametoka kwetu wenyewe. Watu wa kale waliosaidiana waliishi, walioachana wakafa. Sisi ni watoto wa waliosaidiana. Ndiyo maana unaumia ukimwona mwenzako ameanguka."

"Na wale waliowanyang'anya wenzao chakula wakashiba, hao hawakuzaa?"

"Nao walizaa."

"Basi mimi ni mjukuu wa hao pia. Nina damu ya msaidizi na damu ya mnyang'anyi, zote zinanipigia kelele. Nani ananiambia niisikilize ipi?"

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mjomba, ungesoma wewe ungekuwa mtu wa hatari."

"Ningesoma ningeharibika kama wewe. Futa meza ya mama yako."

Siku nyingine akaja na lingine: kwamba wema ni makubaliano. Watu wamekaa, wakaona ni afadhali tusiuane na tusiibiane, wakakubaliana. Hilo lilinikuta pabaya, maana nilikuwa na kisa changu. Tulikuwa mafundi vitanda wanne, kazi nyingi. Tukakaa, tukapiga kura bila ugomvi, kwamba kitanda chenye gurudumu bovu kikitoka wodi ya wasiojiweza kisubiri mwisho, kwa kuwa wao hawana pa kwenda. Makubaliano mazuri, kila fundi ameridhika. Dada yangu akapita dirishani, akasikia, akauliza, "Na wasiojiweza walipiga kura upande gani?"

Nilimsimulia mpwa wangu kisa hicho. Akatabasamu, akasema, "Ndiyo maana wenye akili wanasema tuwafikirie na wasiokuwepo."

"Vizuri," akasema mama yake. "Lakini kwa nini? Nani anawalazimisha wenye akili?"

"Kwa sababu nao wanaumia, mama. Jema ni lile linalopunguza maumivu. Ni rahisi tu, halihitaji mbingu."

"Na asiyesikia tena maumivu?"

"Huyo hana haja tena na chochote."

Dada yangu alikuwa na kitambaa mapajani, akakilaza vizuri kwa kiganja, mara mbili, tatu, kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni alale. Ningekuwa mjanja ningejua siku hiyo kwamba jambo linakuja.

Liliingia kwa karatasi. Katibu wa hospitali alitoa agizo: sanda za wasio na ndugu zikatwe tu, zisipindwe, na muda wa fundi utumike kushona gauni za wodi ya watoto. Stoo ikagawiwa rafu mbili. Ya juu, sanda zenye pindo, kwa wenye ndugu waliokosa nguo. Ya chini, zisizo na pindo, kwa wale wengine. Katibu hakuwa mtu mbaya. Watoto kweli walikuwa na gauni za kuchanika. Ila wazo halikuwa lake. Chini ya karatasi palikuwa na mstari: kwa ushauri wa daktari wa wodi ya wanaume.

Jioni ya siku hiyo nilikuwapo. Dada yangu aliiweka karatasi mezani kati ya vikombe.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," akasema kijana. "Mama, macho yako. Nakuona unavyosogeza sindano mpaka puani. Unaumia kichwa, unanificha. Unaumia kwa ajili ya watu ambao hawajui wala hawatajua. Nilitaka upumzike."

"Umenipumzisha mimi au umewapunguza wao?"

"Hawajui, mama!"

"Mimi najua."

Nilimwona kijana anavyoumia. Alikuwa amelifanya kwa mapenzi, na mapenzi yamemrukia usoni. Naye mama hakuwa na hasira, hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Alimwongezea chai.

Dada yangu alijaribu kutii. Jumatatu alikata moja, akaikunja hivyohivyo, nyuzi zinaning'inia pembeni, akaipeleka stoo. Baada ya chakula cha mchana nilimwona dirishani anarudi nayo kifuani, anatembea haraka kama aliyeiba. Akaiweka kwenye cherehani. Tangu siku hiyo, miezi saba, gauni za watoto zilitoka zote kwa idadi iliyotakiwa, hata kuzidi. Na saa ya mapumziko, wenzake walipokwenda kula, Mama Pindo alikula mkate wake kwa mkono wa kushoto huku akikunja pindo kwa mkono wa kulia. Uzi alinunua mwenyewe. Sanda ya kwanza ya rafu ya chini ilikuwa na pindo, na ya mwisho ilikuwa na pindo.

Nilimwambia, "Dada, watakufukuza."

"Hawatajua. Nani anachunguza nguo ya maskini?"

Aliyechunguza ni Bwana Stoo, naye, maskini, hakuwa na nia mbaya. Huyu alikuwa mtu wa daftari. Kila kilichotoka stoo alikiandika: tarehe, kitu, rafu, kimekwenda kwa nani, kimechukuliwa na nani. Ulipofika wakati wa kuhesabu vifaa vya mwaka, akashika sanda ya rafu ya chini, akakuta pindo. Akajua amechanganya rafu. Akahamisha rundo la chini likaenda juu, na la juu likaja chini. Akashika tena: pindo. Akarudisha. Alihamisha mara tatu, jasho linamtoka, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni mwake. Mwishowe akakaa chini katikati ya marundo, akapiga kelele mpaka nikamsikia karakana: "Jamani, zisizo na pindo ziko wapi?"

Hazikuwapo. Hazikuwahi kuwapo.

Akaandika ripoti, kwa kuwa hakujua kufanya kingine. Na Mama Pindo akaitwa mbele ya kamati.

Mfanyakazi akiitwa aliruhusiwa kuja na mzee mmoja wa kazi. Akanichagua mimi, japo kufikia siku hiyo nilikuwa nimestaafu wiki chache, fimbo mkononi. Walikuwa watu watano mezani, katibu katikati, na mpwa wangu mwishoni kabisa, kwa sababu agizo lilikuwa ushauri wake na kanuni ilitaka awepo. Hakuinua macho. Mama yake alimsalimia kama wengine, akamwita "Daktari."

"Mama," katibu akasema kwa upole, "agizo ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Ulilielewa?"

"Nililielewa, mheshimiwa. Nisingelielewa, labda ningeweza kulitii."

Mmoja akakohoa kuficha kicheko. Katibu akaendelea, na alisema la haki. "Mama, kila mtu akifuata la moyoni mwake, hospitali hii itaendeshwaje? Leo wewe na pindo, kesho mpishi na chumvi. Kazi zako nyingine hazina doa. Lakini miezi saba umekaidi." Mjumbe mmoja akapendekeza ahamishiwe getini, agawe kadi za wageni kwa mwaka mmoja uliobaki afike kustaafu. Kazi nyepesi, akasema, ya kukaa. Cherehani apewe fundi mwingine, mwenye umri mdogo.

Nilimtazama dada yangu. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ncha ya kanga, vinaikunja, vinaikunjua. Mwaka mzima getini. Nilijua wangeweza kumwondolea chochote, lakini siyo sindano.

"Una la kusema?"

Akasimama. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Mimi sina elimu ya kubishana na daktari," akasema, "ingawa nilimzaa." Hapo wakacheka wote, isipokuwa mmoja. "Nimefikiri sana agizo hili. Mnasema huyu hana faida tena kwa mtu. Ni kweli. Mnasema hakuna anayemlilia. Kweli. Na hasikii kitu, baridi wala joto. Hilo nalo kweli. Haya, mmeshamvua zote hizo, sasa mtazameni pale kitandani na mniambie mnaona nini. Kama thamani yake ilikuwa hizo, basi mnaona takataka, na takataka hata nguo haihitaji, mnampotezea bure. Lakini hakuna kati yenu anayeona takataka. Hata mlipoandika agizo mliacha nguo. Kwa nini mliacha nguo?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi naona mtu aliyeumbwa na Mungu, kwa sura yake. Hiyo haivuliwi. Na Bwana wangu mwenyewe alipokufa alifungwa nguo iliyoletwa na mtu mwingine, akalazwa kaburi la kuazima. Basi ninapokunja pindo la asiye na ndugu, namshonea ndugu yake Bwana. Nikilikosea hilo, hata gauni za watoto sitajua tena kwa nini nazishona vizuri. Nimemaliza. Getini nitakwenda mkitaka."

Akakaa.

Katibu akakuna paji la uso. Akataka kufunga kikao vizuri, kwa kanuni, akamwambia Bwana Stoo asome daftarini sanda ngapi za rafu ya chini zimetoka kwa miezi hiyo, iandikwe. Bwana Stoo akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani. "Mwanamume, hana jina, ameokotwa barabarani: rafu ya chini. Mwanamke, hana jina: rafu ya chini. Mzee, hana jina, kitanda cha tisa, wodi ya wanaume: rafu ya..." Akasita. "Rafu ya juu."

"Ya juu? Hana jina, na rafu ya juu? Umekosea kuandika."

"Sikosei kuandika, mheshimiwa. Alikuja kuichukua mwenyewe. Nilimwambia ya huyu ni ya chini, akasema nipe ya juu."

"Nani?"

Bwana Stoo akatazama dari, kama jibu limeandikwa huko. "Daktari," akasema.

Huyo wa kitanda cha tisa ndiye yule mzee niliyewaambia alinyolewa ndevu. Alipooza upande mmoja, maneno yamemtoka yote, wiki kumi na moja kitandani bila mgeni. Mpwa wangu alimnyoa kila Jumatano. Mimi nilijua hilo tu. La sanda sikulijua, wala mama yake.

"Daktari?" katibu akasema.

Kijana alisema bila kuitazama kamati.

"Niliijua sheria. Niliiandika mimi. Nilishuka stoo nikiwa na sababu zote kichwani: amekufa, hasikii, hana wa kuumia akiona. Nikaikaribia rafu ya chini, nikadhani ziko zisizo na pindo. Sikuweza. Nilijiuliza kwa nini, na kila jibu nililolijua lilikuwa linasema chukua hiyohiyo, haidhuru. Sikuweza tu. Nikaona nitakuwa nimemkosea. Nani nimemkosea, hayupo? Lakini ningekuwa nimemkosea."

Dada yangu alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Katibu akalifunga faili. "Bwana Stoo," akasema, "una rafu ngapi za sanda?"

"Mbili, mheshimiwa."

"Kuanzia leo unayo moja." Akasimama, akachukua kofia yake. "Mama Pindo, rudi kazini. Na uzi uchukue stoo, usinunue."

Tulirudi chumba cha kushonea sisi watatu. Mchana ulikuwa umeingia dirishani ukalala juu ya meza, juu ya ile alama ya pasi. Dada yangu alikaa, akachukua sindano, akajaribu kutunga uzi. Mara ya kwanza ukapita pembeni. Mara ya pili vilevile. Kijana akaichukua sindano mkononi mwake, akatunga, akamrudishia.

"Mama, sijasema kwamba naamini."

"Sijakuuliza. Nilikuwa natafuta tundu la sindano."

Akacheka kidogo, macho yamejaa. Akakaa mahali pake pa zamani, upande ule wa meza aliosomea.

"Ila nitakuuliza moja," mama akasema. "Ile 'sikuweza' yako. Aliyekushika mkono ni nani?"

"Sijui, mama."

"Basi ni jibu zuri kuliko yote uliyonipa tangu urudi. Likae. Usiharakishe kulifukuza."

Mjomba mwenye akili anajua siku ya kufunga mdomo, ingawa kwangu siku hizo ni chache.

Alistaafu mwaka uliofuata kama ilivyopangwa, na macho yakamwacha kabisa mwaka ule wa pili. Kijana aliendelea kubishana nami Jumapili, ila alianza kuuliza zaidi kuliko kueleza. Mara mojamoja alimsindikiza mama yake mpaka mlango wa kanisa, akamshika mkono kwenye ngazi, akaondoka. Mara moja alikaa kiti cha nyuma mpaka mwisho. Tulipomtania alisema alikuwa anasubiri mvua ipite. Mvua haikuwa imenyesha.

Dada yangu alitutoka asubuhi moja tulivu, mkono wake umeshikwa na mwanawe. Naye daktari ndiye aliyenisikilizisha kimya cha kifua chake, kisha akakivua kipimo shingoni akakiweka mezani.

Tulitafuta kwenye sanduku lake, tukakuta kitambaa cheupe, kimepigwa pasi, kimekatwa kwa kipimo chake. Alikikata kabla macho hayajafunga. Pindo hakuwahi.

Nikasema niende hospitali kuomba moja ya rafuni. Kijana akatikisa kichwa. Akalisogeza sanduku, akatoa sindano. Safari hii mimi nilijaribu kumtungia uzi, nikashindwa, akatunga mwenyewe.

Alikunja mara mbili, pande zote nne, kwa mkono tu, bila cherehani. Mikono ile ilizoea kushona vidonda, kwa hiyo mishono ilikuwa mipana, kila mmoja na fundo lake, kama anaogopa utafumuka. Bibi angeipigia kelele. Ilikuwa saa nne ya asubuhi alipoanza, na watu walikuja wakakaa nje, tukawaacha wasubiri. Alipofika shubiri ya mwisho, upande wa kichwani, akasimamisha sindano.

"Mjomba. Hapa alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anamwombea mwenye nguo."

"Mimi sijui pa kuanzia."

"Mtaje ni nani," nikasema. "Anza hapo tu."

Akainama. Sindano ikaingia, ikatoka, akafunga fundo. "Huyu ni mama yangu," akasema polepole, na hakuwa akisema na mimi. Nikaishika ncha ya pili ya nguo, isiburute chini, mpaka akamaliza.